Beji ya Kofia na Neno la Muuzaji

Kitu kilichopigwa leo kwa kalibu ya zamani, je, ni cha zamani? Swali hili huwapata wakusanyao beji za kofia za askari wa Uingereza, kwa kuwa baadhi ya kalibu zilisalia baada ya vita, na beji mpya zikapigwa humo, sura ileile.

Mjuzi hutazama taji kwanza. Taji la Tudor lilitumika tangu 1901 hata enzi ya Malkia Elizabeth II, aliyechagua la Mtakatifu Edward. Naye Mfalme Charles III, aliyerithi kiti mwaka 2022, amelirudisha la Tudor. Basi taji peke yake si shahidi wa kutosha. Yafaa kuigeuza beji, kutazama kipachikio na kingo zilivyolika kwa kusuguliwa. Mwaka 1916 nyingine zilipigwa kwa shaba tupu ili kuokoa nikeli, nazo twazipenda kwa unyonge wao.

Kikosi cha 28, kilichoitwa baadaye cha Gloucestershire, kilipewa beji ya pili ya kisogoni, kwa kuwa huko Alexandria mwaka 1801 safu yake ya nyuma iligeuka kumkabili adui. Auzaye nakala ya beji hiyo, akaiita nakala, hana kosa. Bali akinyamaza, na mnunuzi akadhani kwamba ilivaliwa vitani? Wako wasemao, mnunuzi na afumbue macho. Hatukubali. Shaba haikughushiwa, ni shaba kweli. Lakini mnunuzi hakulipia shaba, alimlipia askari aliyeivaa, na muuzaji ajua kwamba askari huyo hakuwapo.