Maisha Ni Yako, Lakini Maiti Ni Yetu?



Wengi wetu tunaoishi magharibi ya Sydney tunaijua bahari ya hapa kwa jina tu. Tunajua kwamba iko upande wa mashariki, na ndugu zetu nyumbani wanadhani tunaiona kila siku, lakini juma likiisha tumechoka na kazi za zamu na tunabaki sebuleni. Kwa hiyo mwishoni mwa kiangazi kilichopita, familia kadhaa tulipokubaliana kwenda kutembea kwa miguu katika Royal National Park, ilikuwa kama kwenda nchi nyingine, ingawa ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari.

Hifadhi hiyo iko kusini mwa jiji. Ilitangazwa mwaka 1879, miaka saba tu baada ya Yellowstone ya Marekani, na kwa hiyo ni miongoni mwa hifadhi za taifa za mwanzo kabisa duniani. Ina zaidi ya hekta 15,000 za misitu, mabonde, majabali na fukwe. Ukingoni mwake upande wa magharibi kuna hata kituo cha treni kinachoitwa Waterfall, yaani Maporomoko. Njia ya pwani, kutoka Bundeena hadi Otford, ni kilomita 26. Sisi wenye vitambi na watoto wadogo tulichukua kipande tu, kutoka Wattamolla hadi Curracurrong na kurudi. Huko Curracurrong kijito kinafika ukingoni mwa jabali na kumwaga maji yake moja kwa moja baharini. Upepo ukivuma kwa nguvu, maji hurudishwa juu kama moshi wa jikoni. Tulikula sambusa zetu tukiangalia ajabu hiyo, kisha tukarudi Wattamolla watoto wakaoge.

Wattamolla ni jina la wenyeji wa pwani hiyo, watu wa Dharawal, na inaelezwa kuwa maana yake ni mahali karibu na maji yanayotiririka. Mwaka 1796 mabaharia wawili Waingereza, George Bass na Matthew Flinders, waliingia hapo na mashua yao ndogo baada ya kunusurika dhoruba ya usiku, na Flinders akapapa jina la Kiingereza la kushukuru majaliwa ya Mungu. Jina la wenyeji ndilo watu wanalolitumia hadi leo. Kijito kinashuka juu ya mwamba na kuangukia kwenye bwawa la asili, na bwawa hilo limetengwa na bahari kwa ufuko wa mchanga mweupe. Ni mahali pazuri mno. Na hapo ndipo kilipotokea kisa kilichonifanya niandike makala haya.

Juu ya maporomoko pana uzio na vibao. Vibao vinasema wazi kwamba kuruka ni marufuku na mwenye kuruka atatozwa faini. Sababu haifichwi: maji yana sehemu zenye kina kifupi, mchanga wa chini huhama, na miamba iliyozama haionekani vizuri kutoka juu. Watu wameumia vibaya hapo. Hata hivyo siku ile vijana wasiojulikana kwetu walikuwa wamevuka uzio na kupanga foleni ukingoni. Mmoja akiruka, wenzake wanapiga makofi, anaibuka anacheka, anayefuata anasogea.

Katika msafara wetu alikuwamo kijana wa miaka 21, mwanafunzi, aliyekuja nchi hii peke yake miaka miwili iliyopita. Mama yake yuko Tanga. Nilimwona amevua shati na mguu mmoja umekwisha pita juu ya uzio. Nikamwita. Akageuka, akanijibu kwa adabu kabisa: "Usiwe na wasiwasi, mjomba. Naogelea vizuri. Na isitoshe, maisha ni yangu."

Nami nikamjibu kwa neno la kwanza lililonijia mdomoni: "Maisha ni yako, lakini maiti itakuwa yetu. Unajua kusafirisha sanduku mpaka Tanga ni pesa ngapi?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Yeye hakucheka. Alirudisha mguu, akasema taratibu: "Mjomba, nina miaka miwili hapa. Simu yako ya kwanza kwangu ilikuwa ya mchango wa msiba. Ya pili pia. Kumbe na mimi mmekwisha nipigia hesabu." Akachukua shati lake, akashuka kwa njia ya miguu. Hakuruka. Lakini mimi sikujiona kuwa nimeshinda.

Tangu siku ile najiuliza swali ambalo nataka tulitafakari pamoja: je, maisha ya mtu ni yake mwenyewe?

Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake kuhusu uhuru alichokitoa mwaka 1859, angekuwa upande wa kijana yule. Kwa maoni yake jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima mwenye akili timamu kwa ajili ya faida yake mwenyewe. Inaweza kumzuia tu pale anapotaka kuwadhuru wengine. Na alitoa mfano unaofanana sana na Wattamolla. Mtu anataka kuvuka daraja bovu, na hakuna nafasi ya kumwonya: waweza kumkamata na kumrudisha, kwa sababu hakukusudia kuanguka mtoni, alikusudia kuvuka tu. Lakini kama anaijua hatari, na hatari yenyewe si ya hakika, basi wajibu wako ni kumwonya, siyo kumshika mkono.

Mfano huo una nguvu, lakini tuutazame vizuri. Kijana anayesimama juu ya mwamba, je, anaijua hatari? Anachokijua ni kwamba watano waliomtangulia wameibuka wanacheka. Hajui mchanga umehamia wapi tangu mvua ya mwisho. Baadaye siku ile ile, kijana wetu aliingia majini kutoka ufukweni, akaelekea kwenye maporomoko. Hatua chache tu kutoka pale walipokuwa wakiangukia wale wenzake, alisimama wima na maji yakamfika kifuani. Alinitazama kwa mbali, hakusema kitu. Walioruka na kuibuka salama hawakuwa na ujuzi kumzidi yule ambaye siku moja atavunjika shingo. Walikuwa na bahati, nao wakaiita ujuzi.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Nilikokulia kulikuwa na mto wenye kidimbwi kirefu chini ya mawe, na sisi watoto tuliambiwa kwamba ndani yake anaishi nyoka mkubwa. Hatukuwekewa uzio wala kibao. Hadithi ile ndiyo ilikuwa uzio. Nilipokuwa mkubwa niliidharau, nikaona ni uongo wa kutisha watoto. Leo naona kwamba nyoka yule na faini ya Wattamolla wanafanya kazi moja: kumsimamisha mtu kwa muda ambao bado hajajua asichokijua. Tofauti ni kwamba hadithi ya nyoka ilisimuliwa na bibi aliyekaa nasi kila jioni. Hilo nitalirudia.

Upande wa pili wapo wanafikra wa kwetu. Marehemu John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba kwa Mwafrika mtu hawi mtu peke yake. Yuko kwa sababu wenzake wako. Tukilichukua wazo hilo, usemi wa "maisha ni yangu" unakosa mahali pa kukaa. Mwili ule uliosimama ukingoni ulibebwa na mama wa Tanga, ulilishwa na shangazi, ada yake ya shule ilitoka kwa watu ambao hata majina yao kijana hayakumbuki. Hawa wote wana fungu lao.

Hata Mill hakulikataa hili moja kwa moja. Alikubali kwamba mtu anayejiharibu hadi akashindwa kutimiza wajibu wake kwa wanaomtegemea, anaweza kulaumiwa kwa haki. Kwa hiyo Mwingereza na Mkenya hawako mbali kama tunavyopenda kudhani. Kwamba wengine wana fungu katika maisha yetu, wote wawili wanakiri. Kinachobaki ni kujua fungu hilo linapatikanaje, na linampa mwenye nalo haki gani.

Hapa ndipo ninapoona kosa langu. Nilidai fungu kwa kutaja sanduku. Mbiti alisema tuko pamoja. Mimi nilisema utatugharimu. Maneno hayo yanasikika kama ndugu, lakini siyo ndugu. La kwanza linamwambia kijana kwamba yeye ni wetu. La pili linamwambia kwamba yeye ni deni ambalo halijafika tarehe. Na sisi tulio ughaibuni tumezoea hilo la pili bila kujijua. Msiba ukitokea, daftari la michango linajaa kwa siku tatu. Ni jambo la heshima, nami sitaki mtu yeyote aliache. Asiyezikwa na watu wake amepata msiba juu ya msiba. Lakini jiulize, ndugu msomaji: ni lini mara ya mwisho tulichangishana kwa ajili ya mtu aliye hai, mzima, asiye na shida yoyote, ili tu aendelee kuwa hai?

Tunaujua mchezo wa upatu. Kila mtu anatoa kila mwezi, na kila mtu anapata zamu. Asiyetoa hana haki ya kudai zamu, hata kama ni jamaa wa karibu. Naamini fungu katika maisha ya mwenzako linakwenda kwa kanuni hiyo hiyo. Bibi yangu aliweza kunizuia kwa hadithi ya nyoka kwa sababu alikuwa ametoa kila jioni. Mimi nilitaka zamu ya kumzuia kijana ambaye kwa miaka miwili sikuwahi kumtolea hata chai.

Wenyeji wetu hapa wanalo la kutufundisha. Vikundi vya waokoaji wa kujitolea vilianza katika fukwe za Sydney mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1907 vikaunda chama cha pamoja. Mpaka leo watu wenye kazi zao wanaacha mapumziko ya mwisho wa juma, wanasimika bendera nyekundu na njano, na kukodolea macho vichwa vya watu wasiowajua. Garie, ndani ya hifadhi hiyo hiyo, wapo. Wattamolla hawapo. Watu hao hawajasoma Mbiti, lakini wanaishi kama kwamba maisha ya mgeni yana fungu lao, na wanalilipia fungu hilo kabla, si baada.

Najua pingamizi litakalokuja. Msomaji kijana atasema: hata mngenipigia simu kila siku, bado kuruka au kutoruka ni uamuzi wangu. Nakubali. Wala sisi wahamiaji hatuna uso wa kuhubiri kwamba kujihatarisha ni vibaya. Kila mmoja wetu aliruka siku alipopanda ndege akiwa na sanduku moja na namba moja ya simu. Lakini kumbuka tulivyoruka. Tuliaga. Mama alijua, alilia, akaomba dua, akatufungia karanga. Wenye fungu walishirikishwa. Basi kipimo changu ni hiki, nacho ni chepesi: je, unaweza kumpigia simu mama yako kabla ya kuruka, ukamweleza unalotaka kufanya na kwa sababu gani? Kama unaweza, huenda ni hatari yenye maana, nami nitakuombea dua. Kama huwezi, basi wewe mwenyewe umekwisha kiri kwamba maisha hayo si yako peke yako.

Kipimo hicho kina upande wa pili unaotuhusu sisi wazee: je, kijana anaye mtu wa kumpigia hapa Sydney, saa ambayo Tanga watu wamelala?

Nilimpigia wiki iliyofuata. Nilimwomba radhi, akasema, "Yameisha, mjomba." Sikuamini kwamba yameisha, kwa hiyo nikampigia tena. Katika mazungumzo ya tatu nilikiri jambo ambalo wengi wa rika langu tunalificha: miaka yote hii katika nchi iliyozungukwa na maji, mimi sijui kuogelea. Ningeona anazama siku ile ningebaki ukingoni napiga kelele.

Nimeanza mafunzo kwenye bwawa la halmashauri la mtaani kwetu, upande wa kina kifupi, pamoja na watoto wa miaka saba ambao wananipita. Katika mkutano ujao wa jumuiya nitapendekeza sehemu ya akiba yetu ya misiba ilipie mafunzo ya kuogelea kwa yeyote anayetaka, kijana au mzee. Wapo watakaosema kwamba fedha za msiba haziguswi. Nawaomba wafikiri vizuri kabla ya kupiga kura.