Bei ya Kengele

Ndugu msomaji, naomba tuulizane swali moja ambalo limeninyima usingizi tangu kiangazi kilichopita. Kiwanja kikipanda bei kwa sababu tu kiko jirani na shule nzuri, ile nyongeza ni mali ya nani?

Siulizi kwa kupenda mjadala. Marehemu baba alituachia kiwanja pembezoni mwa mji wa Singida, chenye kibanda cha vyumba viwili cha matofali ya kuchoma na miti michache ya kivuli. Nilipoamua kukiuza ili mdogo wangu apate ada ya chuo, nilimwita dalali. Akaja, akazunguka mara moja, wala nyumba hakuitazama. Alisimama tu akasikiliza. Mara kengele ya shule ya msingi ikagongwa, ile ringi kuukuu ya gari iliyoning'inizwa mtini.

"Unasikia hiyo, kaka? Hiyo ndiyo bei yenyewe. Nyumba tutawapa bure."

Nilicheka, lakini hesabu yake ilikuwa sawa. Tangu Januari 2016 mtoto hulipi ada katika shule ya serikali, kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Vizuri sana. Ila mtoto wa darasa la kwanza kwa kawaida huandikishwa shule iliyo karibu na kwao. Basi mwenye pesa anafanyaje? Ananunua ukaribu. Ada tumeifukuza mlangoni kwa mwalimu mkuu, nayo imepita uani na kuingia mfukoni mwa mwenye kiwanja.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 1999 mchumi Sandra Black alitoa utafiti wake kuhusu vitongoji vya Boston, Marekani. Alilinganisha nyumba zilizo pande mbili za mpaka mmoja wa shule, akaona kwamba matokeo ya mitihani yakizidi kwa asilimia 5, wazazi wako tayari kulipa asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba. Kumbe dalali wetu, ambaye hajawahi kufika hata Dodoma, anajua elimu hiyo kwa masikio.

Sasa tuje kwenye swali. Nani aliifanya shule ile iwe nzuri? Baba hakuwa mwalimu. Mimi sijawahi kupaka hata chokaa ukutani. Walioijenga ni wananchi, kwa nguvu zao, kama shule nyingi za mkoa huu: mawe kichwani, maji kwenye ndoo, michango ya kuku na alizeti. Mmoja wao ni bibi aliyemuuzia baba kiwanja hicho hicho, zamani, mumewe alipougua na pesa ya matibabu ilipokosekana. Leo amepanga chumba mbali, ng'ambo ya bonde, na mjukuu wake anasoma shule ya huko. Mawe ni yake, bei ni yangu!

Mwalimu Nyerere alilikataa jambo hili mapema. Katika maandishi yake ya mwaka 1958, Mali ya Taifa, alipinga ardhi kugeuzwa bidhaa: haki ya mtu, alisema, inatokana na jasho lake juu ya ardhi. Hata hivyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ingawa inasema ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, inakiri pia kwamba haki juu ya ardhi ina thamani. Kwa hiyo sheria hainishtaki. Mdogo wangu naye alinitetea: "Baba alinunua kihalali, kaka. Tumemwibia nani?"

Kweli, hatukuiba. Ningeishia hapo, laiti nisingepigiwa simu jioni ile. Dalali alinipa habari kwamba ile shule ya ng'ambo imebaki haina mwalimu wa hesabu, amehama. "Usiuze wiki hii, kaka. Subiri. Watu wa kule watahamia huku, bei itapanda."

Nami nikafurahi. Naungama mbele yako, msomaji: nilifurahi kabisa, nikaanza kuhesabu. Ndipo nikamkumbuka mjukuu wa bibi, aliyekuwa akihesabu naye huko, bila mwalimu.

Hapo nikaelewa kitu ambacho sheria haikioni. Bei yangu haitoki kwenye uzuri wa shule hii peke yake, inatoka kwenye tofauti ya hii na ile. Shule zote zikiwa nzuri, kengele yangu haina bei tena. Maana yake mimi, mtu ninayejiona mwema, nimepata faida katika ujinga wa mtoto wa jirani. Si wizi, lakini ni kitu kinachomfanya mtu aombe mabaya bila kufumbua mdomo. Mali ya namna hiyo, nadhani, si mali kamili. Ni deni ambalo mdai hajaja.

Nimekiuza. Sitajifanya mtakatifu, ada ya chuo haingoji. Ila nilipima kwa haki nionavyo thamani ya kibanda na miti, nikachukua hiyo. Katika nyongeza, nusu nilimpelekea bibi, nusu nikanunua saruji ya shule ya ng'ambo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Alizipokea pesa, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaitazama ile mifuko ikishushwa kwenye mkokoteni. Akanyamaza kidogo.

"Asante. Lakini saruji haifundishi hesabu."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Wewe unayetafuta kiwanja karibu na shule nzuri, na sikulaumu, kabla hujalipa hebu uliza shule ya pili iko wapi, na nani amebaki huko.