Radhi za Mama Hazilipiwi Mshahara

Mama yangu alipopatwa na kiharusi, nilitafuta binti wa kumuuguza nyumbani. Alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani asipate vidonda. Nami nikamlipa kila mwezi, nikajiona nimetimiza wajibu.

Siku moja akaniomba ruhusa, mama yake anaumwa kijijini. Nikang'aka: "Ukiondoka, huyu ataangaliwa na nani?" Akainamisha kichwa. Swali likanirudia mwenyewe. Kumbe nilimtaka amtelekeze mama yake ili nami nipate kumkwepa wangu!

Ndugu zangu Waislamu, kuajiri msaidizi si dhambi; uuguzi wataka mikono mingi. Lakini Surat al-Israai, aya ya 23, inapotukataza hata kuwaguna wazazi waliozeeka, inamsemesha mtoto, si mtumishi wake. Na mtumishi naye ana haki zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mapumziko ya saa 24 kila wiki. Je, tunampa?

Nilimpa nauli na ujira wake. Usiku ule nilimgeuza mama mwenyewe. Aliniombea dua ambayo kwa miezi yote ile alikuwa akiombewa yule binti.