Jina la Mkanyaga Nguo

Wanangu, kila mwaka vijana wanapomaliza masomo nawasikia wakipangana madaraja: fulani kapata kazi ya heshima, fulani kaambulia kazi ya kuchafuka. Nisikilizeni niwape habari ya jina la Kiingereza, Walker, kisha mseme wenyewe heshima inakaa wapi.

Wengi hudhani Walker ni mtembezi. Sivyo. Huko Uingereza ya zama za kati, huyo alikuwa mkanyaga nguo za sufu. Kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji huwa kimelegea na kimejaa mafuta. Kilitumbukizwa katika birika la maji, kikatiwa udongo wa kunyonya mafuta na mkojo uliochacha, maana mkojo wa siku nyingi una amonia inayong'oa uchafu. Mtu alivua viatu akaingia humo na kukanyaga kwa saa nyingi, mpaka nyuzi zikashikana, kitambaa kikanywea na kuwa kizito. Baadaye kiliwambwa kwenye fremu ya mbao yenye kulabu, kikakauka kikiwa kimenyooka.

Fikirini harufu ya kazi hiyo. Lakini pasipo mtu huyo, nguo ya sufu isingeweza kuzuia baridi wala mvua, na sufu ndiyo iliyokuwa utajiri wa Uingereza.

Kazi hiyo moja imezaa majina matatu. Kaskazini walisema Walker. Kusini na mashariki, Fuller. Kusini-magharibi, pande za Devon, Tucker. Katika mji wa Exeter jengo la chama cha mafundi hao na wenzao wafumaji, lililojengwa mwaka 1471, lingali limesimama na bado linaitwa Tuckers Hall.

Wakati ule akina John na William walijaa kila kijiji, basi majirani wakawatofautisha kwa kazi zao. Makarani wa kodi ya kichwa ya 1377, 1379 na 1381 nao wakayaandika majina hayo kwenye daftari za mfalme. Ilipokaribia 1400, Waingereza wengi walikuwa wanarithi jina la baba hata kama hawakurithi kazi yake.

Na kazi yenyewe haikukaa ilivyokuwa. Kumbukumbu za mwaka 1185 tayari zinataja vinu vilivyosukumwa na maji ya mto, nyundo za mbao zikipiga kitambaa badala ya miguu ya watu. Fundi aliyetaka kuendelea kula alijifunza kuendesha kinu. Nanyi mtakutana na mashine zitakazochukua kazi ya mikono yenu. Msikae mkilalamika, jifunzeni kuziendesha.

Jina la Walker lilivuka bahari hadi Marekani, na huko si kila aliyeitwa Walker alikuwa na babu mkanyaga nguo. Sarah Breedlove alizaliwa Louisiana mwaka 1867, wazazi wake wakiwa wametoka utumwani. Kwa miaka mingi aliishi kwa kufulia watu nguo. Akaolewa na bwana aliyeitwa Walker, akaanzisha biashara ya dawa za nywele, akatajirika, na dunia ikamjua kwa jina la Madam C. J. Walker. Mwaka 1912, mbele ya mkutano wa wafanyabiashara weusi mjini Chicago, alitamka waziwazi kwamba ametoka mashamba ya pamba, akapitia beseni la kufulia. Jina alilipata kwa ndoa. Heshima aliichuma mwenyewe, na beseni hakulikana.

Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Mimi nawaongezea: kabla ya kuiita kazi mbaya, ulizeni nani angekosa nini kama isingefanyika. Anayezoa taka, anayezibua vyoo, anayeosha maiti, mji mzima unamtegemea. Kijana uliyepata kazi ya namna hiyo, usimfiche mama yako wala mchumba wako. Ifanye vizuri, mpaka jirani akikutaja atataja na kazi yako kwa kukusifu. Nawe uliyepata kiti cha ofisini, msalimie mwenzako huyo kwa adabu, na mlipe haki yake kabla jasho lake halijakauka.