Mwenye kujua ziwa ana deni gani?

Katika kartie za kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira mpaka Kalemie, viwanja vinauzwa kila siku. Mwenye kiwanja anapima hatua, mashahidi wanatia sahihi, chefu wa avenyu anapata chake, basi watu wanapeana mikono. Sisi tunauliza: je, mambo yamekwisha hapo?

Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia tu. Wazee nao hawakusema udongo ni wa mtu mmoja. Basi muuzaji anatoa nini? Anatoa mahali pa kukaa, na mahali pana habari zake.

Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kule Kalemie. Mvua ikizidi miaka mfululizo, maji yanapanda. Yalipanda sana mwaka 1964, lakini mwaka ule watu wanaukumbuka juu ya vita vya Simba, maji yalisahauliwa. Baadaye yalishuka, yakaacha mchanga, watu wakajenga pale. Mwaka 2020 na 2021, tena mwaka 2024, ziwa likarudi mpaka ndani ya nyumba.

Wengine watasema: mnunuzi ana macho! Ndiyo, aliyezaliwa kando ya ziwa anayo. Lakini yule aliyeshuka kutoka milimani akikimbia vita, aliona mchanga mkavu na bei nafuu, hakuona zaidi. Wengine watasema tena: muuzaji ni maskini, akisema ukweli bei itashuka. Hiyo ni hasara ya kweli, hatuikatai. Ila aliyenyamaza alipata feza yake, na mwenzake akabaki na kuta zilizoanguka na watoto wa kulalisha inje.

Kwa desturi yetu, kumpokea mgeni haikuwa kumpa chakula na mkeka tu. Alionyeshwa njia, mahali pa kuteka maji, na mahali pa kuogopa pia. Kuuziana hakukufuta desturi hiyo: aliyelipa bado ni mgeni wa udongo ule, na kesho ni jirani.

Kwa hiyo tunashauri neno dogo. Siku ya kuandika karatasi, mzee mmoja wa avenyu aitwe, aseme maji yalifika wapi, na neno lake liandikwe pamoja na bei. Mnunuzi akikubali kisha, amekubali akijua.