Mzigo wa Msafiri

Msafiri wa miguu alalaye porini huhukumiwa mara mbili: na mlima mchana, na baridi usiku. Aliyechukua vingi hushitakiwa na mabega yake; aliyechukua vichache mno hushitakiwa na mifupa yake. Kati ya mashitaka haya mawili huzuka swali la kale ambalo halihusu safari peke yake: haja ya mtu huishia wapi, na tamaa yake huanzia wapi?

Waliofanya wepesi wa mzigo kuwa elimu huanza kwa mizani. Chakula, maji na mafuta ya kupikia hutengwa kando, maana hivyo hupungua njiani. Vilivyobaki hupimwa kwa gramu, na kwa desturi yao mzigo mwepesi sana ni ule usiofikia ratili 10, yaani kama kilo 4.5. Kwanza hutazamwa vitu vitatu vizito: shanta, hema na fuko la kulalia. Hema huweza kuachwa, turubai likafungwa kati ya miti miwili. Sufuria moja huweza kuwa chungu, sahani na kikombe. Wapo wakatao hata mpini wa mswaki. Watu huwacheka, lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hupandishwa mlima kutwa nzima.

Katika kupunguza huku mtu hujifunza tabia yake. Shati la tatu ni hofu ya kuonekana mchafu; kisu cha pili ni hofu ya kupoteza cha kwanza. Lakini si kila hofu ni upuuzi. Nguo zikilowa penye upepo mkali, mwili hupoteza joto upesi, na mtu huweza kufa pasipo theluji wala barafu. Koti la mvua, dawa, taa na ramani si anasa. Mwenye kuviacha ili asifiwe kwa wepesi wake ameacha busara nyumbani na kuichukua fahari, ambayo mizani haiipimi. Na wale watakaotumwa usiku kumtafuta ndio watakaobeba alichokiacha.

Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa miaka 67 wa jimbo la Ohio, Marekani, na mama wa watoto 11, alitembea peke yake njia ya milima ya Appalachia toka Georgia hata Maine, zaidi ya maili 2,000. Mwaka uliotangulia alikuwa amejaribu akashindwa. Alichukua mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, blanketi, na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua; miguuni alivaa viatu vya raba. Hema hakuwa nalo. Wapenda wepesi humtaja kuwa hoja isiyojibika. Hata hivyo, mara nyingi bibi huyo alibisha hodi kwa watu asiowajua; wengine walimpa chakula na kitanda, na wengine walimfukuza. Basi hema ambalo hakulibeba lilikuwa, usiku mwingine, nyumba ya mtu. Je, aliwatwika wengine mzigo wake? Hasha. Aliomba waziwazi, na mwenye mlango alikuwa na hiari ya kukataa. Ukarimu utolewao kwa hiari si mzigo uliohamishwa.

Hali ni nyingine katika Kilimanjaro. Huko mgeni hupanda na mfuko mdogo wenye maji na sweta, na huweza kujiona mwepesi. Lakini hema lake, meza yake na kiti chake vimetangulia juu ya vichwa na migongo ya wapagazi. Kanuni imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na mizigo hupimwa langoni, kwa sababu mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Pengine itajibiwa kwamba mzigo ndio mkate wa mpagazi, na kwamba mgeni akipunguza vitu hupunguza ajira. Jibu hili lina ukweli, wala halifai kupuuzwa na mtu aliyeshiba. Lakini ukweli huo hudai ujira wa haki kwa kila kilo ipandayo. Haudai kilo zisizo na maana zipandishwe. Mgeni anayepunguza mzigo na kupunguza malipo pamoja amejifunza nusu ya somo.

Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi kumhukumu msafiri. Kwa kila kitu anachokiacha yampasa kuuliza nani atateseka kikihitajiwa. Na kwa kila kitu anachokichukua, nani atakibeba, na kwa malipo gani. Wepesi uliopunguza haja ni wema. Wepesi uliohamisha uzito tu ni deni, na deni halipungui kwa kuwekwa mgongoni mwa mwingine.