Makala ya Msitu na Amri ya Saba

Baba wa Goma akiwapeleka mkewe na watoto, siku za amani, kuutazama msitu wa Virunga penye mlima Nyiragongo, watoto huistaajabia miti mirefu, kazi ya Muumba. Kisha mmoja auliza: "Baba, makala ya kupikia kwetu yatoka wapi?"

Msitu huo umewekwa chini ya ulinzi tangu mwaka 1925, na walinzi wake zaidi ya 200 wameuawa kazini. Je, aukataye mti humo ni mwizi? Kanisa lafundisha kwamba Mungu aliviumba vitu vya dunia kwa faida ya watu wote. Basi mtu wa dhiki kuu, asiye na njia nyingine, akitwaa kinachomponya hafanyi wizi. Mama mkimbizi mwenye mzigo mmoja wa kuni asihukumiwe upesi.

Lakini mkatekumeni asidhani kwamba dhiki hiyo ni vazi la kila mtu. Haimfuniki ajazaye magari makala ili atajirike, wala mnunuzi ajuaye yalikotoka akanyamaza kwa kuwa bei ni nafuu. Makala ya mikaratusi iliyopandwa mashambani yapo pia. Baba huyo ameyaulizia lini sokoni?